Fundi amepiga Windows mara tatu, mashine bado inaganda

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo karibu na shule ya sekondari hapa Korogwe. Kompyuta yangu mpakato ni ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha tano, RAM GB 8, ina Windows 10. Inachukua karibu dakika kumi kuwaka, nikifungua Word inaganda, na mara mbili imetoa skrini ya bluu ikajizima. Fundi wa hapa amepiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, mara tatu tangu mwaka uanze. Kila akipiga inakuwa nyepesi wiki mbili tatu, halafu inarudi kulekule. Yeye anasema ni virusi, na kweli flashi za wateja zikichomekwa mafaili yanageuka shotikati. Tena saa yake inarudi nyuma hadi 2015, na tovuti nyingine zinagoma kufunguka. Betri ilikufa zamani, naitumia ikiwa kwenye umeme tu. Ninunue nyingine, au hii inatibika?

JIBU: Marahaba dada. Kwa dalili ulizoandika inatibika, na dawa yake haimo ndani ya Windows. Usimruhusu mtu apige Windows mara ya nne kabla hujamaliza kusoma hapa. Na kama humo ndani kuna kazi ambazo huna nakala yake kwingine, leo mashine hiyo isifanye jambo jingine lolote isipokuwa kuzitoa. Namna ya kuzitoa nitaieleza.

Umeandika kama malalamiko kwamba kila Windows ikipigwa mashine inapona wiki mbili tatu kisha inaugua tena. Mimi nimekisoma kama kipimo. Virusi vya flashi vingekurudia siku ileile mteja wa kwanza anapochomeka flashi yake, havina subira ya wiki mbili. Chenye tabia ya kupona kwa muda na kuugua upya ni diski, hasa zile za zamani zenye sahani zinazozunguka, na mashine nyingi za mtumba za umri huo zinakuja nazo.

Ndani ya diski hiyo kuna sahani ambazo kwa kompyuta mpakato kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa upenyo mdogo sana, unywele wako ni mnene kuupita mara maelfu. Sahani imegawanywa vipande vidogo vidogo vinavyoitwa sekta. Sekta ikichoka, diski inajaribu kuisoma, inashindwa, inarudia, inashindwa, inarudia tena. Muda wote huo Word imekodoa macho inasubiri, na Windows nayo inasubiri. Huko ndiko kuganda unakokuona. Ikitokea kwamba kilichokuwa ndani ya sekta hiyo ni kipande cha Windows yenyewe, na kinahitajika saa hiyohiyo, unapata skrini ya bluu.

Sasa kwa nini kupiga Windows kunatuliza? Diski ina sekta za akiba zilizowekwa kando tangu kiwandani. Sekta mbovu ikishindwa kusomeka, diski haiibadilishi hapohapo, kwa sababu inatumaini bado kukiokoa kilichomo. Inaiandika kwenye orodha ya wagonjwa na kungoja. Lakini siku mtu akiandika kitu kipya juu yake, diski inajua kwamba cha zamani hakitakiwi tena. Inajaribu kuandika, na sekta ikigoma inapeleka maandishi kwenye ile ya akiba. Fundi wako anapofomati na kumwaga Windows mpya, anaandika juu ya sekta zilezile zilizokuwa zinakugandishia kazi, na diski inajiziba viraka yenyewe bila yeye kujua. Mashine inakuwa nyepesi, anapokea pesa yake, wote mnafurahi. Baada ya wiki mbili sekta za jirani zinaanza kuchoka. Umewahi kuona tairi kuukuu lililozibwa? Kiraka kinashika vizuri, mpira ulio pembeni yake ndio unaopasuka.

Simwiti tapeli. Alichokifanya kilileta matokeo mbele ya macho yake, na mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka ya mwanzo. Ila mara ya pili ilipaswa kumwambia kitu.

Sasa betri. Hukuipa uzito, umeitaja mwishoni kama kitu cha kawaida, na mimi nadhani huko ndiko matatizo yako mawili kati ya matatu yalikoanzia. Kompyuta mpakato yenye betri nzima haijui kwamba umeme umekatika, inaendelea na kazi. Ya kwako kila umeme unapokatika, au mtoto anapopita na kukanyaga waya, inakufa palepale sahani zikiwa katika mwendo. Diski inalazimika kurudisha kichwa maegeshoni kwa dharura, na kama kulikuwa na maandishi njiani yanakatika nusu. Fanya hivyo mara kadhaa kwa wiki, mwaka mzima, uone kama itabaki salama. Na saa nayo? Kwenye ubao wa mashine nyingi kuna betri ndogo mviringo kama kitufe cha koti, mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, kazi yake kutunza saa mashine ikiwa haina umeme. Zamani betri kubwa na waya wa chaji vilikuwa vinaisaidia. Sasa kila usiku unapochomoa chaji, kitufe hicho kinabeba mzigo peke yake, na kimekwisha.

Tuanze na kuokoa kazi zako, halafu ndipo tupime.

Tafuta diski ya nje au flashi kubwa iliyo safi. Weka mashine juu ya meza imara, usiipakate, usiisogeze ikiwa inafanya kazi. Usiburute folda nzima ya Documents kwa mkupuo mmoja, maana Windows ikikutana na faili moja lililo kwenye sekta mbovu itakwama hapo na mengine elfu moja yaliyo mazima yatakosa nafasi. Anza na vile ambavyo huwezi kuvipata tena: vitabu vyako vya hesabu, mitihani uliyochapia walimu, kadi za harusi ulizosanifu. Nyimbo na filamu za mwisho, au ziache. Ukiweza kuandika amri, kuna njia bora kuliko kuburuta. Fungua Command Prompt uandike hivi, ukibadilisha njia ya folda na herufi ya diski ziendane na zako:

robocopy C:\Users\duka\Documents E:\Akiba /E /R:1 /W:1

Hizo R na W ndizo zinazoleta tofauti. Bila wewe kuziandika, robocopy ikishindwa kusoma faili inarudia mara milioni moja na kusubiri sekunde 30 kati ya kila jaribio. Utazeeka hapo. Ukiandika moja na moja, inajaribu mara moja zaidi, inaliacha, inaendelea na linalofuata, na mwishoni inakuonyesha idadi ya yaliyoshindikana.

Kama Windows inaganda kiasi kwamba hata hilo halifiki popote, mwambie fundi awashe mashine kwa flashi ya Ubuntu, mfumo wa aina ya Linux unaokaa mahali pa Windows, bila kusakinisha chochote. Mashine itaendeshwa kutoka kwenye flashi, na diski yako itabaki na kazi moja tu ya kusomwa mafaili. Mara nyingi mafaili ambayo Windows ilishindwa hata kuyaorodhesha yanatoka kwa njia hiyo.

Na kuna amri moja utaambiwa na kila mtu uiendeshe: chkdsk /r. Usiiendeshe sasa. Inapitia diski nzima sekta kwa sekta, na kwa diski inayokata roho huo ni mbio za marathoni kwa mgonjwa wa moyo. Hili nalijua kwa aibu. Miaka hiyo niliwahi kuletewa mashine ya kwaya, ina rekodi zao za mazoezi za miaka mitatu. Ilikuwa inaganda kama yako. Nikasema ngoja nirekebishe diski kwanza, nikaiwekea chkdsk /r jioni nikaenda kulala. Asubuhi nilikuta diski inagonga, tak, tak, tak, na BIOS, ile programu ya kwenye ubao inayoiamsha mashine, haiitambui tena. Mwalimu wa kwaya hakunigombeza. Aliuliza tu kama kuna namna, nikamwambia hakuna, akakunja waya wa chaji taratibu akauweka kwenye mfuko. Tangu siku hiyo sigusi diski ya mtu kabla ya kuuliza nakala ziko wapi. Na ukisikia yako inagonga hivyo, izime hapohapo. Kila sekunde inayowaka inajikwangua.

Baada ya kazi zako kuwa salama, pima. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Inafunguka Task Manager. Bofya More details kama ipo, kisha Performance, kisha Disk 0. Wengi wakiona Disk imefika asilimia 100 wanasema mashine imezidiwa. Hiyo peke yake haisemi mengi, hata diski nzima hufika huko Windows inapojisasisha. Tazama namba mbili za chini yake: kasi ya kusoma, na Average response time. Diski ya sahani iliyo nzima ikiwa asilimia 100 utaiona inasoma megabaiti kadhaa au makumi yake kwa sekunde. Yako nadhani utaikuta asilimia 100 huku kasi iko kwenye kilobaiti chache au sifuri kabisa, na muda wa kujibu umeruka hadi milisekunde mia nyingi au elfu kadhaa. Yaani iko bize na haifanyi kazi. Huo ni mtu anayehangaika na mlango uliokwama.

Kipimo cha pili ndicho cha uhakika. Kuna programu ya bure ya Kijapani inaitwa CrystalDiskInfo. Kila diski inajitunzia daftari la afya yake, na programu hii kazi yake ni kulisoma. Juu utaona neno Good kwa bluu, Caution kwa njano, au Bad kwa nyekundu. Usiishie kwenye rangi. Shuka kwenye mistari yenye namba 05, C5 na C6. Ya kwanza ni sekta zilizokwisha kubadilishwa na za akiba, yaani viraka. Ya pili ni ile orodha ya wagonjwa wanaongoja. Ya tatu ni sekta zilizoshindikana kabisa. Safu ya kusoma ni Raw Values, ile ya mwisho kulia, na usishtuke ukikuta herufi zimechanganyika na tarakimu, kwa kawaida programu huandika hivyo: 1A8 kwa hesabu yetu ni 424. Kwenye diski nzima unatarajia sifuri katika mistari yote mitatu. Ukikuta 05 ina idadi kubwa, hao ni mashahidi wa mara tatu Windows ilizopigwa.

Cha tatu, kwa mwenye muda: fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, halafu System, utafute mistari yenye chanzo kinachoitwa disk. Tukio namba 7 linasema waziwazi kwamba diski ina sehemu mbovu. Namba 153 linasema kusoma au kuandika kulishindikana ikabidi kurudiwa. Ila kumbuka kumbukumbu hizo zilifutwa kila Windows ilipopigwa, kwa hiyo utaona za tangu mara ya mwisho tu.

Je, nikiwa nimekosea na CrystalDiskInfo ikasema diski ni nzima, mistari yote mitatu sifuri? Mwambie fundi afungue mashine, achomoe diski na kuirudisha vizuri, maana kuna mashine ambazo kiunganishi cha diski kikilegea zinaonyesha dalili hizihizi. Apulize na vumbi la feni akiwa hapo. RAM ya GB 8 inatosha kwa kazi ya steshenari, usiuziwe nyingine. Na jambo dogo ambalo hata mafundi wengi hawalijui: tangu Windows 8, kuzima mashine kwa Shut down hakuizimi kabisa. Kwa chaguo linaloitwa Fast Startup, Windows inahifadhi hali ya kiini chake kwenye diski na kukirudisha hivyohivyo kesho, pamoja na matatizo yake. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Kwa hiyo mtu akikuambia zima uwashe, chagua Restart.

Sasa shotikati. Hivyo ni virusi kweli, na mafaili ya wateja wako kwa kawaida hayajafutwa. Kirusi hiki kinayaficha, kinatengeneza shotikati zenye majina yaleyale, na anayebofya shotikati anakiendesha kirusi kwanza ndipo folda inafunguka, hivyo hata hashtuki. Ukiisafisha flashi bila kusafisha mashine unachota maji kwa pakacha. Anza na mashine: fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajiwasha upya na kujikagua kabla Windows haijaamka, kama dakika 15 kwa diski nzima, ya kwako inaweza kuchukua zaidi. Kwa hiyo ningeifanya baada ya kuweka diski mpya, na hadi hapo usichomeke flashi ya mteja yeyote.

Ukifika hapo tazama pia kama Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, imezimwa, au kama kwenye Exclusions kuna folda zimewekwa zisikaguliwe. Fundi akitumia programu za kuamsha Windows kimagendo, mara nyingi huzima ulinzi kwanza ili programu hizo zisikamatwe, kisha anasahau kuuwasha, au anaondoka ameacha mlango wazi makusudi. Duka linalopokea flashi za shule nzima bila ulinzi ni kama zahanati isiyonawa mikono.

Kuyafichua mafaili ya flashi, mashine ikishakuwa safi, ichomeke, angalia herufi yake, tuseme ni E, kisha kwenye Command Prompt andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda za mteja zitatokea. Futa shotikati, na futa faili lolote usilolijua linaloishia na .vbs au .js. Wakati mwingine mafaili yote yamesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina, ifungue, yako humo. Na wateja wenye simu waambie watume kwa WhatsApp au barua pepe. Utapunguza flashi mezani pako, ingawa bado uangalie unachokifungua.

Saa na tovuti ni jambo moja. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari kikiona kwenye mashine yako ni 2015, kinakuta cheti cha tovuti hakijaanza hata kutumika, kinakataa na kuandika kwamba mawasiliano si salama. Tovuti haina kosa. Kwa leo, ingia Settings, Time & Language, ubonyeze Sync now, na eneo la saa likiwa UTC+03:00 Nairobi, ndilo letu pia, usitafute Dar es Salaam kwenye orodha. Tiba ya kudumu ni kile kitufe. Kwa mashine nyingine kimefungwa kwenye plastiki chenye waya mfupi wenye soketi yake, basi fundi anunue cha namna hiyo, asianze kuunga nyaya za kitufe cha kawaida kwa gundi.

Ununue nyingine? Hapana, bado. Nunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, yenye kiunganishi cha SATA na ukubwa wa inchi 2.5, GB 256 zinakutosha. Haina sahani wala kichwa, na kwa mashine ya umri huo hakuna badiliko jingine utakaloliona kwa macho kama hilo: dakika kumi za kuwaka zinakuwa chini ya dakika moja. Fundi afungue mashine kwanza aone nafasi iliyomo, kwa sababu baadhi ya mashine nyembamba za kizazi hicho zinatumia SSD za aina ya M.2 na ile ya inchi 2.5 haina pa kukaa. Ongeza betri, au kama betri ya modeli yako haipatikani, UPS ndogo, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Ukiweka SSD ukaiacha bila betri, umeme unaokatika ghafla unaweza kuiharibu nayo, isipokuwa yenyewe hufa kimya bila kukuonya kwa kuganda.

Atakayekushauri kunakili diski nzima ya zamani kwenda mpya, mkatalie. Utakuwa unahamisha mafaili yaliyokwisha haribika pamoja na virusi. Windows iwekwe upya kutoka flashi iliyotengenezwa kwa programu ya Microsoft yenyewe, Media Creation Tool, flashi ya angalau GB 8. Na usilipie leseni kabla ya kujaribu hili. Kompyuta nyingi za ofisini zilizotoka kiwandani na Windows 8 kwenda mbele zina namba ya leseni iliyoandikwa ndani ya ubao wake. Ukiweka toleo lilelile lililokuja nayo, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ukaiunganisha na intaneti, mara nyingi inajiamsha yenyewe. Nimeona watu wengi wakiwekewa Windows ya magendo juu ya mashine yenye leseni halali tumboni, kwa kuwa fundi ana flashi moja tu na humo ndani kuna toleo lisilofanana.

Kuhusu Windows 10 yenyewe: Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji binafsi ipo nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, unajiandikisha ndani ya Settings, kwenye Windows Update. Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya kizazi cha tano kama yako, kwa Intel inaanzia kizazi cha nane, na inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kuna njia za kuipenyeza kwa nguvu lakini kwa mashine ya kukuingizia chakula sikushauri. Kwa hiyo SSD hii inakununulia muda wa kukusanya pesa bila kukimbizwa, na siku ukinunua mashine nyingine unaweza kuihamishia huko ikiwa ina nafasi yake. Linux ningekupa kwa moyo mweupe kama ungekuwa unaandika barua zako mwenyewe, ila wewe unapokea Word za watu wengine na mtu akikuta mistari ya mtihani imehama kurasa atakulaumu wewe. Na kwa kuwa nadhani zile kadi za harusi unazitengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kusanifu kurasa, zihifadhi zote kama PDF pia, Microsoft imetangaza kuiachisha programu hiyo Oktoba 2026.

Ukienda kwa fundi, usimwambie mashine ni nzito. Ukisema hivyo atapiga Windows. Mwambie hivi: diski ni mbovu, nataka SSD mpya, kitufe cha saa kipya, Windows iwekwe kwa toleo la leseni ya mashine, Defender ibaki imewashwa. Na mwambie diski ya zamani unaondoka nayo mkononi.

Hilo la mwisho usilione dogo. Diski hiyo ina miaka ya vitambulisho vya NIDA ulivyoskani, vyeti vya kuzaliwa, barua za kazi, mikataba ya viwanja, vyote vya watu waliokuamini kwa dakika tano wakati unawatolea nakala. Kufomati hakufuti vitu hivyo, mtu mwenye programu ya kuokoa mafaili anaweza kuvitoa vingi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, taarifa za watu si kitu cha kuacha kwenye boksi la vipuri vya fundi. Ukishahakikisha nakala zako zinafunguka kwenye SSD, faili moja moja, ichukue diski ya zamani nje, ifunge ndani ya kitambaa kizito, uipige nyundo katikati. Sahani za diski za kompyuta mpakato mara nyingi ni za kioo, utasikia zinavunjika. Vaa miwani, na usikifungue kitambaa.